Namna ya Kuisoma Frankenstein: Toleo la Kuchukua, Ratiba, na Vitabu vya Kufuatisha

Wanaoiacha Frankenstein ya Mary Shelley njiani huiacha mapema, mara nyingi kwenye zile barua nne za mwanzo, kabla hata Victor Frankenstein, yule anayekiumba kiumbe, hajaanza kusimulia. Si kwamba wameshindwa na Kiingereza. Walikuja wakitafuta maabara, radi na jitu lenye misumari shingoni, wakakutana na mtu mpweke anayemwandikia dada yake kutoka Urusi. Wengine hufika mbali zaidi, kisha wanajikuta wakibishana na wenzao juu ya jambo ambalo kitabu cha mmoja kinalo na cha mwingine hakina. Matatizo yote mawili yana dawa, na dawa yenyewe hunywewa kabla ya kusoma sentensi ya kwanza.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kitabu hicho kimoja, kwa sababu ndicho mlango mzuri wa kuingilia riwaya za mwanzo za kutisha na za kisayansi zilizoandikwa na wanawake. Ukishakisoma vizuri, vingine vinafunguka. Hivyo vingine viko mwishoni, pamoja na mitego yake.

Jua umeshika toleo gani

Frankenstein ziko mbili. Ya kwanza ilitoka London tarehe 1 Januari 1818, juzuu tatu, nakala 500, bila jina la mwandishi. Ya pili ni ya 1831, juzuu moja, na Mary Shelley mwenyewe aliipitia akabadilisha, akapunguza na kuongeza. Katikati kulikuwa na ya 1823, juzuu mbili, ambayo ndiyo ya kwanza kubeba jina lake, lakini hiyo ni nadra kukutana nayo. Wachapishaji wa leo huchapa ya 1818 au ya 1831, na jalada mara nyingi halisemi ni ipi. Mafaili ya bure mtandaoni ndiyo yaliyochanganyika zaidi.

Anza kwa kuhesabu sura. Kama hesabu inakwenda moja kwa moja mpaka sura ya 24, hiyo ni 1831. Kama kuna juzuu tatu na kila juzuu inaanza tena na sura ya kwanza (saba, halafu tisa, halafu saba, jumla 23), hiyo ni 1818.

Kisha hakikisha kwa Elizabeth, kwa sababu wapo wachapishaji wanaozipa sura hesabu yao wenyewe. Katika maandishi ya 1818 Elizabeth ni binamu yake Victor, mtoto wa shangazi yake aliyefariki. Katika ya 1831 si ndugu wa damu: ni yatima ambaye mama yake Victor anamkuta akilelewa katika familia maskini karibu na ziwa Como, Italia. Kwenye simu, fungua kitabu pepe na utafute neno Como. Likijitokeza katika sura ya kwanza, umeshika ya 1831.

Usitegemee utangulizi. Ule utangulizi mashuhuri ambamo Mary Shelley anasimulia jinsi wazo lilivyomjia umewekwa tarehe 15 Oktoba 1831, lakini wahariri wengi wa toleo la 1818 huuongeza, ama mwanzoni ama mwishoni. Nayo dibaji fupi ya 1818, inayosemwa kwa sauti ya mwandishi, iliandikwa na mumewe, Percy Shelley. Ukiinukuu kama maneno ya Mary, umekosea.

Ipi ya kuchukua? Soma ya 1818 kwanza. Humo Victor anachagua, na kila hatua anayopiga angeweza kutoipiga. Mwaka 1831 Mary Shelley alikuwa amekwishazika mume na watoto watatu, na Victor wa toleo hilo analalamikia majaliwa kila mara, kana kwamba yote yaliandikwa kabla hajazaliwa. Ni kitabu kizuri pia, lakini kinamsamehe Victor mapema mno. Tofauti nyingine ni ya sayansi yenyewe. Katika yote mawili, Victor ana miaka kumi na mitano hivi anapoona radi ikiuteketeza mti wa mwaloni. Katika 1818 baba yake ndiye anayemweleza habari za umeme, akimwonyesha kwa mashine ndogo na kishada. Katika 1831 yupo mgeni msomi anayemweleza galvanizimu, yaani nadharia ya umeme na misuli ya viumbe iliyoanzia kwa majaribio ya Luigi Galvani kwenye miguu ya vyura. Anayetaka kuandika juu ya sayansi katika riwaya hii asichanganye kurasa hizo.

Kama mnasoma kikundi na wenzako tayari wana ya 1831, chukua hiyo hiyo. Ikishindikana, hesabu ya kubadilisha ni nyepesi. Sura ya kwanza ya juzuu ya I imegawanywa kuwa sura ya 1 na ya 2. Sura nyingine za juzuu ya I ongeza 1, za juzuu ya II ongeza 8, za juzuu ya III ongeza 17. Kwa hiyo juzuu ya III sura ya 3 ni sura ya 20 katika 1831.

Hakimiliki ya maandishi haya ilikwisha zamani. Project Gutenberg ina maandishi, Internet Archive ina picha za kurasa za matoleo ya kale, LibriVox ina sauti zilizosomwa na watu wa kujitolea. Pakua faili la EPUB badala ya PDF iliyopigwa picha: EPUB hukuruhusu kutafuta neno na kukuza herufi, na haili nafasi kwenye simu.

Masanduku matatu

Msomaji aliyelelewa na Alfu Lela Ulela hatapata shida na muundo huu mtu akimwambia mapema: ni hadithi ndani ya hadithi ndani ya hadithi. Robert Walton anamwandikia dada yake, Margaret Saville, kutoka safari ya kuelekea Ncha ya Kaskazini. Ndani ya barua zake Victor Frankenstein anasimulia maisha yake. Ndani ya masimulizi ya Victor, kiumbe alichokiumba kinasimulia ya kwake, na hapo ndipo kiini cha kitabu (juzuu ya II sura ya 3 hadi ya 8, au sura ya 11 hadi ya 16). Kisha masanduku yanafungwa tena kwa mpangilio uleule, mpaka tunarudi kwa Walton kwenye barafu.

Wote watatu wanasema "mimi". Hapo ndipo watu hupotea. Dawa yake ni penseli: kila sura mpya, andika pembeni herufi moja, W, V au K, kabla ya kuisoma. Chunga pia kwamba kila anachosema kiumbe kimepita kinywani mwa Victor kabla ya kufika kwenye kalamu ya Walton, na kwamba Victor mwenyewe alizisahihisha kumbukumbu za Walton. Ukikumbuka hilo, utaona jambo la ajabu: hata kikisimuliwa na adui yake, kiumbe ndicho chenye hoja nzito zaidi.

Barua za mwanzo ni fupi, na Walton ni kivuli cha Victor: naye anataka kufika pasipofikiwa, naye anaweka maisha ya wengine rehani. Zisome kwa kikao kimoja. Angalia tarehe, kwani barua ya kwanza ni ya 11 Desemba na maandishi ya mwisho ni ya 12 Septemba. Miezi tisa. Na herufi za jina la anayepokea, Margaret Walton Saville, ni M.W.S., sawasawa na Mary Wollstonecraft Shelley. Mwaka wenyewe umeandikwa 17 na mstari, desturi ya waandishi wa wakati ule ya kuificha tarehe ili ionekane ya kweli. Faili lako halikukatika.

Ratiba ya wiki tano

Riwaya ina maneno yapatayo 75,000. Anayesoma Kiingereza kama lugha ya pili kwa utulivu, tuseme maneno 150 kwa dakika, anahitaji saa nane na dakika ishirini. Dakika 40 kwa siku ni siku kumi na tatu. Kwa kikundi kinachokutana mara moja kwa wiki, mgawo huu hauvunji hadithi mahali pabaya (namba za kwanza ni za 1818, zinazofuata ni za 1831):

Wiki ya 1: barua zote nne, na juzuu ya I sura ya 1–3, yaani 1–4.
Wiki ya 2: juzuu ya I sura ya 4–7, yaani 5–8.
Wiki ya 3: juzuu ya II sura ya 1–8, yaani 9–16.
Wiki ya 4: juzuu ya II sura ya 9 hadi juzuu ya III sura ya 3, yaani 17–20.
Wiki ya 5: juzuu ya III sura ya 4–7, yaani 21–24.

Wiki ya tatu ni nzito kwa makusudi. Masimulizi ya kiumbe yakikatwa nusu, wanakikundi hukutana wakiwa wamesikia kipigo bila kusikia kilio, na mjadala unalemaa. Ikibidi kupunguza, isogeze sura ya 1 na ya 2 ya juzuu ya II (9 na 10) kwenye wiki ya pili, lakini zile sita za kiumbe zisitenganishwe.

Usiku wa Novemba

Sura ya uumbaji (juzuu ya I sura ya 4, sura ya 5 katika 1831) ndiyo ya kusoma mara mbili, polepole, kwa sauti kama inawezekana. Orodhesha kwenye karatasi vitu vilivyomo tu, bila kuongeza. Ni usiku wa Novemba, saa saba. Mvua inagonga vioo vya dirisha. Mshumaa unakaribia kwisha. Kuna vyombo vya kazi, na Victor anazungumzia cheche ya uhai. Kisha jicho la njano lililofifia linafunguka, kiumbe kinahema kwa nguvu, viungo vinashtuka. Basi. Hakuna radi, hakuna meza inayopandishwa juu ya paa, hakuna kibiongo msaidizi. Msaidizi aliingizwa na mchezo wa jukwaani wa 1823, na misumari ya shingoni ni ya sinema ya 1931.

Kiumbe chenyewe kina urefu wa futi nane, karibu mita 2.4, na sababu imetajwa: viungo vidogo vilikuwa vinamchelewesha Victor, kwa hiyo akaamua kufanya kila kitu kikubwa. Uharaka, basi, ndio uliolifanya jitu kuwa jitu. Nywele ni nyeusi za kung'aa, meno meupe kama lulu. Victor alichagua kila kipande kwa uzuri wake. Lakini ngozi ya manjano haitoshi kufunika misuli na mishipa iliyo chini yake, macho ni ya majimaji, midomo myeusi. Kazi ya karibu miaka miwili, na muda ule ule inapofanikiwa, mwenye kazi anakimbia chumba.

Hapa Kiswahili kinamsaidia msomaji kuliko Kiingereza. Kiumbe, muumba, umbo, maumbile: yote yanatoka kwenye shina moja, kuumba, na hatuwezi kutamka "kiumbe" bila kumgusa aliyekiumba. Na shina hilohilo lina kinyume chake: kuumbua. Victor anakiumba kiumbe, na kwa kukitazama mara moja tu anakiumbua. Ukiandika maelezo yako kwa Kiswahili, tumia "kiumbe" na uache "zimwi". Zimwi la ngano zetu limezaliwa zimwi. Hiki kinasema wazi, kinapokutana na Victor kwenye barafu ya milima iliyo juu ya mji wa Chamonix, kwamba kilikuwa chema na dhiki ndiyo iliyokigeuza shetani. Hakina jina kitabu kizima. Frankenstein ni jina la ukoo wa Victor. Hata katika tangazo la mchezo ule wa 1823, mahali pa jina lake paliwekwa mistari mitupu, na Mary Shelley, aliyekwenda kuutazama, alipendezwa na wazo hilo.

Sehemu nyingine ya kusoma kwa karibu ni juzuu ya II sura ya 4 (12). Kiumbe kimejificha kwenye banda lililoshikana na nyumba ya familia ya De Lacey, kinachungulia kwenye ufa wa ubao, kinajifunza kusema. Maneno ya kwanza kinayoyashika ni manne: moto, maziwa, mkate, kuni. Kisha majina ya watu wa nyumba ile. Halafu maneno kama "mpenzi" na "asiye na furaha", ambayo kinayasikia lakini bado hakijui yamefungwa kwenye kitu gani. Ni ukurasa mmoja tu, na una huruma kuliko sinema zote zilizofuata.

Mama, mtoto, na mwaka usio na kiangazi

Mary Shelley alizaliwa tarehe 30 Agosti 1797, na mama yake, Mary Wollstonecraft, mtetezi mashuhuri wa haki za wanawake, akafariki tarehe 10 Septemba kutokana na uzazi huohuo. Februari 1815 Mary, akiwa na miaka kumi na saba, alijifungua mtoto njiti. Wiki mbili hazikutimia mtoto akafa. Siku chache baadaye aliandika katika shajara yake kwamba ameota mtoto amefufuka, kwamba alikuwa baridi tu, wakamsugua mbele ya moto akaishi. Kiangazi cha 1816, akiwa na mtoto mwingine wa miezi michache, alikuwa kando ya Ziwa Geneva pamoja na Percy Shelley, mshairi Lord Byron, daktari John Polidori na Claire Clairmont, dada wa kambo wa Mary. Mvua haikukatika. Mlima Tambora, katika Indonesia ya leo, ulikuwa umelipuka Aprili 1815 na majivu yake yakavuruga hali ya hewa ya dunia. Wakafungiwa ndani wakisoma hadithi za mizimu za Kijerumani zilizotafsiriwa Kifaransa, na Byron akapendekeza kila mmoja aandike yake.

Mambo haya yajulikane, lakini yasigeuzwe ufunguo wa kila ukurasa. Kosa la kawaida la anayeandika insha ni kuchukua kifo cha mtoto na kukifanya maana ya kitabu kizima, akasahau kwamba Mary Shelley alikuwa msomaji mkubwa aliyeweka ndani ya riwaya hoja nzima juu ya malezi, sheria na elimu. Andika kwanza unachokiona katika maandishi. Maisha yake yalete baadaye, pale yanapoongeza kitu.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kudai kwamba Percy ndiye aliyeandika. Lilianza mapema: mwandishi Walter Scott, katika tathmini yake ya 1818, alidhani hivyo. Muswada uko katika maktaba ya Bodleian, Oxford, ukionyesha mkono wa Mary na masahihisho ya Percy juu yake. Alifanya kazi ya mhariri, na mara nyingi aliigeuza Kiingereza nyepesi ya Mary kuwa nzito. Sentensi inapokuwa na mbwembwe, usimlaumu Mary haraka.

Maneno yanayodanganya

Kiingereza cha 1818 kina maneno unayoyajua yaliyobeba maana nyingine, na kamusi ya simu haitakushtua. "Natural philosophy" ni sayansi. Neno "scientist" lilibuniwa katika miaka ya 1830, kwa hiyo halimo. "Want" mara nyingi ni kukosa, si kutaka. "Sensible of" ni kutambua au kuhisi. "Intercourse" ni mazungumzo na kutembeleana tu. "Countenance" ni uso. "Daemon" usiipite haraka, maana inabeba pepo wa Wayunani pamoja na shetani wa Wakristo. Tenga ukurasa mmoja wa daftari kwa maneno haya. Yakifika ishirini, utakuwa na kamusi ya kukutosha kwa vitabu vyote vya kipindi hicho.

Baada ya Frankenstein

Hapa watu huharibu kwa kurukia kitabu kinene. Pumzika kwa kitu kifupi kwanza.

Ndoto ya Sultana, *Sultana's Dream*, ya Rokeya Sakhawat Hossain, inasomeka chini ya saa moja. Ilitoka 1905 katika The Indian Ladies' Magazine, Madras, nayo si riwaya bali hadithi fupi. Rokeya alikuwa Mwislamu wa Bengal, na msomaji wa pwani anayejua maana ya mwanamke kutawishwa ataielewa kuanzia mstari wa kwanza: katika nchi yake ya kubuni wanaotawa ndani ni wanaume, na nje wanawake wanaendesha vyuo vikuu. Chuo kimoja kinavuta maji kutoka mawinguni kwa puto na mabomba, kingine kinakusanya joto la jua, na joto hilo ndilo linaloshinda vita. Unapotafuta mtandaoni jaribu Hossain na Hossein, na Begum Rokeya.

Kwa upande wa kutisha, *The Yellow Wallpaper* ya Charlotte Perkins Gilman, 1892, ni fupi vilevile. Mwanamke aliyejifungua karibuni amekatazwa kuandika na kuamriwa apumzike, anabaki akitazama karatasi ya ukutani. Soma kwa kikao kimoja bila kusimama, kwa sababu ukikatisha unapoteza jinsi sentensi zinavyobadilika pamoja na akili yake.

Kisha *The Mummy!* ya Jane Webb, 1827, inayotokea mwaka 2126: puto za kusafiria, mawakili wanaoendeshwa kwa mvuke, na maiti ya Farao Cheops inayoamshwa kwa betri. Mtego uko kwenye toleo: maandishi kamili ni juzuu tatu, na yapo matoleo ya kisasa yaliyofupishwa. Mtego wa pili ni jina. Kitabu kilitoka bila jina, na mwandishi baadaye aliolewa na John Loudon, mtaalamu wa bustani aliyekuwa amekisifu kitabu hicho gazetini bila kumjua. Mtafute kwa majina yote mawili.

Tatizo la majina linaenea kote. *The Last Man* ya Mary Shelley mwenyewe, 1826, ilitoka kama kazi ya "mwandishi wa Frankenstein", kwa sababu baba mkwe wake hakutaka jina la ukoo lichapwe. Gertrude Barrows Bennett, Mmarekani, alijulikana kama Francis Stevens alipochapisha *The Heads of Cerberus* mwaka 1919. Vernon Lee ni Violet Paget. Riwaya ya *Swastika Night* ya 1937 ilibeba jina Murray Constantine, na miongo ikapita kabla wasomaji hawajajua kuwa ni Katharine Burdekin. Ukitafuta katika katalogi kwa jina moja tu, nusu ya vitabu vya wanawake hawa havitatokea.

*The Last Man* yenyewe inahitaji subira ya aina yake. Ni habari ya tauni inayomaliza binadamu mwishoni mwa karne ya 21, lakini tauni haifiki hadi juzuu ya pili. Juzuu ya kwanza ni mapenzi na siasa za Uingereza isiyo na mfalme. Soma juzuu ya kwanza kwa kasi, ukijua kwamba mhusika Adrian amechorwa kwa sura ya Percy na Raymond kwa sura ya Byron, wote wawili wakiwa wamekwishakufa alipoandika. Punguza mwendo tauni ikifika Constantinople. Ilikaa bila kuchapwa upya hadi 1965, jambo la kusikitisha kwa kitabu kikubwa kiasi hiki.

Anayetaka kurudi nyuma zaidi aende kwa Margaret Cavendish, *The Blazing World*, 1666. Hakina sura, na aya zake zinaweza kuchukua kurasa, kwa hiyo kigawe mwenyewe kwa penseli kila panapobadilika jambo. Bibi aliyetekwa anapita Ncha ya Kaskazini akaingia ulimwengu mwingine, anakuwa malkia, na kuwapangia watu-dubu, watu-ndege na watu-nyani kazi za kitaalamu. Watu-dubu wanabishana kwa darubini zao mpaka malkia anaamuru zivunjwe, nao wanapiga magoti wakimwomba waachiwe. Ukisoma picha za kurasa za chapa ya kale, kumbuka kwamba s ndefu ya wakati ule inafanana na f, na programu za kusoma herufi huigeuza f kweli: "such" inakuwa "fuch". Chukua toleo lililohaririwa upya. Onyo hilohilo linahusu pia chapa za kale za Ann Radcliffe.

Radcliffe mwache awe wa mwisho, ijapokuwa alitangulia. *The Mysteries of Udolpho*, 1794, ni juzuu nne, karibu mara nne ya urefu wa Frankenstein, na juzuu ya kwanza nzima ni milima, mashairi na machozi. Radcliffe alitenganisha hofu mbili katika maandishi yaliyotoka 1826, baada ya kifo chake: ile ya kungoja usichokiona, inayoitanua nafsi, na ile ya kukiona, inayoigandisha. Udolpho yote imejengwa juu ya ile ya kwanza. Mashairi yaliyopachikwa unaweza kuyaruka usipoteze kitu, lakini usiruke maelezo ya mahali, kwa sababu hofu inajengwa humo. Katika juzuu ya pili Emily, mhusika mkuu, anainua pazia jeusi ndani ya ngome na kuzimia, na msomaji haambiwi ameona nini. Usitafute jibu mtandaoni. Andika unachodhani kwenye kipande cha karatasi, kiweke ndani ya kitabu, usikifungue mpaka mwishoni mwa juzuu ya nne, Radcliffe anapolitoa jibu.